Chumba Cheupe cha Magarama

Magarama, Gitega
4 Februari 2024

Dada Zaituni,

Nakusalimia sana, na nyumba nzima inakusalimia. Kifua chako iko namna gani siku hizi? Na yule mbuzi mwekundu, amezaa? Sisi huku tunapumua. Mume wangu Zakaria goti linamuuma akikaa sana dukani, lakini mi nikimwambia afunge mapema anajifanya hasikii. Mvua inanyesha kila alasiri, njia za Magarama zimekuwa udongo tupu, watu wanatembea wameshika viatu mkononi.

Barua hii anakuletea Prosper, yule dereva anayepakia maharagwe huko kwenu. We unajua mi napenda simu, ila tangu ile homa ifunge masikio yako, simu kwako ni makelele tu. Basi tuandikiane. Ndani ya kifurushi iko sabuni na kitenge, kitenge ni chako, usimpe mtu.

Bon, jambo lenyewe. Mwanangu Waziri amepiga simu toka Pangani. Unajua tangu yeye na mwanao Mahmudu waende kutafuta maisha huko baharini, Waziri hajarudi hata kwa Idi moja. Sasa kiangazi kikianza anakuja, na haji peke yake. Alisema hivi: “Mama, nakuja na mwanamke wa huku na mtoto wake mdogo. Uwatengenezee pahali pazuri pa kulala.” Nikamuuliza, ni mke? Simu ikakatika, ao alikata yeye, sijui. Lakini dada, ni nini tena kama si mke? Nimepata mkwe, na mjukuu juu yake.

Donc nimetoa magunia yote kwenye vile vyumba viwili vya nyuma. Kimoja cha kulala, kile kidogo cha kukaa na kunywa chai, na mlango wake unaelekea migomba. Nataka huyo binti akifungua macho asubuhi aone kama yuko kwao. Milima yetu inaweza kumbana mtu aliyezoea maji. Nimeshanunua picha kubwa ya meli, maua mekundu ya plastiki, na rangi ya buluu, ile nzito kuliko zote. Ukuta mmoja nimepaka. Zakaria ameingia akasema anajisikia kama mtu aliyeanguka ndani ya chupa ya wino.

We umekaa pwani miaka mingi. Niambie nifanye nini.

Mahmudu bila shaka anakusalimu.

Mdogo wako,
Yasmina


Mwakiro, Muyinga
19 Februari 2024

Mdogo wangu Yasmina,

Barua yako nimeipata ikiwa na harufu ya sabuni, nikaisoma nimekaa mlangoni. Sijambo. Kifua kinanibana asubuhi, jua likitoka kinaniachia. Mbuzi amezaa mapacha, mmoja hakuishi. Maharagwe yamechanua, na mvua ya huku ni ya adabu, inanyesha usiku na kutuachia mchana wa kulima. Mwambie shemeji Zakaria akande goti kwa maji ya chumvi.

Nimefurahi kwa habari ya watoto wetu. Mungu awafikishe salama.

Sasa ukuta huo wa buluu ufute. Watu wa pwani hawapaki bahari ukutani, maana ipo nje na inatosha. Na picha ya meli mrudishie aliyekuuzia, na maua pia.

Nikueleze chumba ninachokijua. Pale Pangani, mume wangu alipokuwa akikata mkonge, mimi nilikuwa nikisafisha vyumba katika nyumba moja ya wageni, nyumba ya zamani karibu na mto unapoingia baharini. Kulikuwa na chumba cha juu nilichokipenda. Kuta zilikuwa nyeupe, lakini si nyeupe ya karatasi. Mwenye nyumba alikuwa akitia kwenye chokaa bluu ya kufulia, kidogo sana, mpaka weupe unakuwa baridi kama maji ya mtungini. Asubuhi nilikuwa nikifungua madirisha, na pazia linajaa upepo, linashuka, linajaa tena, kama mtu anayelala usingizi mzuri. Mle ndani hapakuwa na vitu vingi: kitanda cha besera, chenye miguu iliyochongwa na nguzo nne za kutundikia chandarua, mkeka, kioo kilichozungushiwa kamba ya katani, mtungi wa maji kwenye pembe na kikombe juu yake. Basi. Ukiingia unajikuta unasema polepole, wala hujui kwa nini.

Mwanangu alikuwa bado mchanga. Nilimlaza juu ya mkeka, chini ya kitanda ambako jua halifiki, nikafagia polepole nisimwamshe.

Ukindu wa kusukia mkeka hapa hatuna, lakini bondeni kuna mafunjo. Nitakusukia. Usitie rangi, mafunjo yakikauka yana rangi ya mchanga yenyewe.

Dada yako,
Zaituni


Magarama, Gitega
24 Machi 2024

Dada yangu,

Ramadhani karimu. Tunafunga vizuri, ni Zakaria tu anayeuliza saa kila wakati. Sukari imepanda tena, uji tunakunywa na asali. Jirani yetu Martha, yule Mkristo, anatuletea ndizi kila jioni kabla ya kufuturu, na yeye mwenyewe anakaa anafuturu na sisi.

Mkeka umefika. Prosper aliubeba juu kabisa ya magunia, umekunjwa kama mtoto. Nilipoutandika nikavua viatu bila kufikiri. Zakaria naye akavua. Tukasimama pale wote wawili bila viatu, tunaangaliana kama wajinga.

Nimefuta buluu. Imekataa mara mbili, nikapaka mara ya tatu. Chokaa na bluu ya kufulia, kidogo kama ulivyosema. Mara ya kwanza nilizidisha, ikawa kama shati la mwanafunzi. Sasa iko sawa. Saa za mchana, jua likipita kwenye majani ya migomba, ukutani kunakuja kivuli cha kijani kinachotembea, na mi naacha ufagio ninaangalia tu.

Kitanda anachonga Thomas, fundi wa hapa Magarama. Nilimwambia nataka miguu ya mviringo yenye mafundo mafundo, na nguzo nne. Akaniangalia. “Mama, kitanda hii ni ya waziri?” Nikamwambia ndiyo, ni ya Waziri wangu. Anatumia mti wa mgrevilea, amesema utakuwa mwekundu kidogo, nikamwambia apake nta tu, asipake vernisi. Mtungi nimeupata kwa mama mmoja wa Gishubi anayefinyanga. Kamba ya katani niliipata sokoni, wanafungia nayo ng'ombe. Nimeiosha na nimezungusha kioo mwenyewe, vidole vyote vimechubuka.

Sasa nina swali. Wiki iliyopita Waziri alipiga simu, akampa huyo binti aniamkie. Anaitwa Mwanaidi. Ana sauti laini, anasema polepole, kila neno analimaliza. Akanambia, “Shikamoo mama mdogo.” Nikamwitikia, lakini nikabaki nafikiri. Huko pwani mkwe anamwita mama wa mume wake “mama mdogo”? Ao ni heshima yao? Nisije nikamjibu vibaya siku akifika.

Mtoto ni wa kike, anakaribia miaka miwili, ana meno mengi na hataki kulala. Nilimsikia nyuma ya simu analia.

Rido za madirisha bado. Kitambaa nakutumia, cheupe, chepesi. We una mkono mzuri wa sindano kuliko mi.

Mahmudu anakusalimu.

Yasmina


Mwakiro, Muyinga
20 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Idi ilikuwa njema, natumaini na kwenu pia. Nisamehe kwa kuchelewa. Prosper alipita mara mbili, nikamwambia bado sijamaliza.

Mapazia haya hapa. Nimepinda chini kwa mkono, mshono mdogo mdogo. Yasiguse sakafu, yaache wazi kiasi cha kiganja, upepo upate pa kupitia. Juu usitumie waya, waya unalegea na pazia linalala katikati. Tumia ufito wa mwanzi. Nimekuwekea na kanga mbili za zamani, za enzi za Pangani, rangi imeshafifia. Zifanye foronya za mito ya kile chumba cha kukaa. Kanga mpya zina kelele, hizi zimeshanyamaza.

Kitandani weka shuka nyeupe na blanketi moja tu, likunjwe miguuni. Gitega kuna baridi usiku, mgeni ataona aibu kuomba.

Karibu na mlango otesha mrehani kwenye kopo. Anayeingia ataugusa na nguo, harufu itamfuata ndani.

Kuhusu hilo la mama mdogo, usijisumbue. Pwani watu wanaitana kwa upole. Mwitikie kama alivyokuamkia.

Maharagwe tumevuna. Usiku nimekuwa nikiota maji, lakini maji yenyewe hayana sauti. Labda ni masikio haya.

Mtoto anaitwa nani?

Zaituni


Magarama, Gitega
2 Juni 2024

Dada yangu Zaituni,

Salamu. Uzima upo. Nimechelewa, mafuta yamekosekana, magari yamelala foleni, na Prosper hajaonekana karibu mwezi mzima. Hii naandika bila kujua itaondoka lini.

Zakaria alifunga duka siku tatu juu ya goti. Sasa amefungua.

Chumba kiko karibu kwisha. Kitanda kimeingia, ilibidi Thomas atoe mlango kwanza. Nta inanukia vizuri. Chandarua nimekitundika na kukifunga na utepe mweupe. Rido nimeweka kwenye ufito wa mwanzi kama ulivyosema, na zimeacha nafasi ya kiganja. Kwenye chumba cha kukaa nimeweka kiti kirefu cha mwanzi na mito ya kanga zako, na meza fupi, na juu ya meza kikapu kile cha mama yetu, chenye kifuniko kirefu. Sijaweka kitu ndani. Ukutani sijatundika kitu. Nilifikiri nitundike, nikaacha.

Mgeni atafika katikati ya mwezi wa saba. Yeye na mtoto, na Waziri.

Siku hizi nikimaliza kupika naenda kukaa mle. Nakaa chini kwenye mkeka, naegemea kitanda. Rido inajaa upepo. Nakaa mpaka Zakaria ananiita.

Dada, njoo. Njoo Gitega kabla hawajafika. Prosper akipata mafuta atakubeba mbele, si nyuma na magunia. Usiniulize kwa nini, we njoo tu, ulale hapa, nikupikie. Nakuomba.

Mdogo wako,
Yasmina


Mwakiro, Muyinga
14 Juni 2024

Yasmina,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na shemeji. Kwangu hali ni ile ile.

Nimesoma barua yako, nikairudia. Mwezi wa pili uliandika “mkwe.” Sasa unaandika “mgeni.” Umenitajia kila mto na kila utepe, lakini jina la mtoto nililokuuliza hukulitaja. Salamu za Mahmudu pia hazimo safari hii. Nazo, mdogo wangu, nilijua siku zote kwamba ni wewe unayeziandika, na nilikushukuru kila mara, kwa sababu zilikuwa zikinitosha. Na Zakaria ninamjua tangu alipokuja kukuposa. Hawezi kufunga duka kwa goti. Siku tatu mtu anakaa matanga.

Mimi nilijua tangu ile barua ya Ramadhani. Niliposoma “mama mdogo” nilikuwa nimesimama, nikakaa. Mwanamke anayekuita wewe mama mdogo si mke wa mwanao, ni mke wa mwanangu. Na kama mke wa mwanangu anavuka nchi nzima na mtoto mgongoni, akiongozwa na binamu wa mumewe, basi mumewe yuko wapi? Nilikujibu kwamba pwani wanaitana kwa upole kwa kuwa nilitaka siku chache zaidi. Nilishona yale mapazia nikiwa na siku hizo.

Hukusikia nikimtaja Mahmudu kwa muda mrefu, sivyo? Nilikuwa nasema “watoto wetu.” Niliona nisipouliza, hakuna atakayenijibu.

Sitakuja Gitega. Usinidhanie ni hasira. Sitaki kukaa kwenye kiti huku nyote mnanitazama mkitafuta pa kuanzia. Wala usiniandikie yaliyotokea. Sitaki kuyasoma kwenye karatasi, peke yangu, nikayasoma tena kesho. Mwanaidi ndiye aliyekuwa mke wake, ni haki yake kuyasema, akitaka na akiweza.

Wewe maliza chumba. Mtu aliyefiwa akifika ugenini anahitaji pahali ambapo hakuna anayemwuliza kitu. Maji mtungini yawe mapya. Nimesuka mkeka mdogo, uko ndani ya kifurushi. Uweke chini ya kitanda, upande ambao jua halifiki. Watoto wanaokataa kulala juu hukubali kulala chini.

Zaituni


Magarama, Gitega
21 Julai 2024

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimia, na safari hii salamu ni za watu wengi. Vumbi limejaa mji, migomba imekuwa ya kahawia. Goti la Zakaria limepona kweli, uongo wake umemponyesha.

Wamefika. Waziri amekonda, nilimpita pale stendi bila kumjua. Alibeba mizigo yote yeye, hata mkoba wa huyo binti, na tulitembea mpaka nyumbani, watu wanatusalimu.

Nikawapeleka nyuma. Mwanaidi alisimama mlangoni, mtoto amelala begani kwake. Hakuingia. Nikamwambia, “Karibu mwanangu, ingia, umechoka.” Akaangalia rido. Akaangalia kitanda, mtungi, mkeka. Nikafikiri nimekosea kitu.

Akaniuliza, “Mama mdogo, nani amekueleza chumba hiki?”

“Ni dada yangu,” nikasema. “Nilitaka ufike ujione uko kwenu Pangani.”

Dada, alitabasamu, na machozi yanashuka hapo hapo. “Pangani kwetu ni vigae na feni, na viti vya plastiki. Sijawahi kuona chumba kama hiki kwa macho. Hiki ni cha Mahmudu. Mtoto alipokuwa mchanga na hataki kulala, alikuwa akimhadithia kila siku. Kuta baridi kama maji ya mtungini. Pazia linajaa, linashuka, linajaa. Mtoto amelala chini ya kitanda juu ya mkeka, na mama yake anafagia polepole asimwamshe. Mimi nilijua anatunga. Nilikuwa namwambia, hakuna nyumba kama hiyo. Anasema ipo, mama ndiye anayeijua.”

Waziri alikuwa nyuma yetu na mizigo. Aliweka mizigo chini, akatoka, akaenda kusimama kwenye migomba. Zakaria akamfuata. Niliwasikia wanaongea muda mrefu, mtoto wangu analia kama alivyokuwa analia akiwa mdogo.

Mwanaidi akavua viatu, akaingia. Akainama akaangalia chini ya kitanda, akaona ule mkeka mdogo. Akamlaza mtoto pale, na yeye akalala juu, na nguo zake za safari, bila kula. Walilala mpaka kesho yake adhuhuri. Nilikuwa naenda kusikiliza mlangoni. Waziri ameniambia tangu mambo yale, huyo binti hajalala usiku mzima hata mara moja.

Sasa wako hapa wiki nzima. Anakaa kwenye kiti cha mwanzi anaangalia nje, mi naleta chai, tunakaa. Alitusimulia yote, mara moja tu. Sikuandikii, umenikataza.

Jana alikunja shuka, akafunga mzigo. Akanambia, “Chumba ni kizuri, mama mdogo, na nyinyi ni wazuri. Lakini sikuja kupumzika. Nataka kumwona mama.” Nikamwambia Mwakiro ni mbali na nyumba ya dada ni ya udongo, hakuna kitanda cha besera kule. Akasema, “Najua. Mahmudu aliniambia hiyo pia.”

Prosper amepata mafuta ya kwenda na kurudi. Nitawatuma pamoja na barua hii, donc utaisoma wakiwa mbele yako, ao hutaisoma kabisa, haina neno.

Jina la mtoto bado silitaji. Alitaje yeye mwenyewe.

Yasmina


Mwakiro, Muyinga
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Yasmina,

Salamu kwako na kwa shemeji Zakaria, na kwa Martha wa ndizi. Kifua changu kimetulia na kiangazi hiki. Mbuzi wametoroka wakala mihogo ya jirani, tumeelewana.

Walifika mchana, nikiwa naanika mihogo. Nilijua ni wao kabla gari halijasimama. Mwanaidi alishuka, akaja moja kwa moja, akapiga magoti kwenye vumbi akanishika mikono. Nikamwinua. Tuliingia ndani, nikampa maji, nikampa mtoto ndizi. Halafu nikaona Waziri hayupo. Alikuwa amebaki ndani ya gari na Prosper, ameinamisha kichwa kwenye magoti. Nikatoka, nikafungua mlango, nikamwambia, “Shuka, mama yako mkubwa amepika.” Akasema neno, sikulisikia. Nikamshika mkono kama tulivyokuwa tunamshika akienda madrasa, nikamwingiza. Alikula. Tangu siku hiyo amenitengenezea paa, na sasa anajenga banda la mbuzi ambalo sikumwomba.

Mwanaidi hakungoja nimwulize. Alikaa karibu, akaegemea bega langu, akanisemea kwenye sikio la kushoto, lile linalosikia kidogo. Yalikuwa ya mimi na yeye tu, hata waliokuwa chumbani hawakusikia. Kwa hiyo sikuyasoma, Yasmina, niliyasikia, na pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni kwangu.

Ilikuwa hivi, nawe unajua, lakini acha niyaandike mimi. Boti ya abiria iliharibika mashine mbali na pwani, upepo umeanza. Wakamfuata Mahmudu kwa kuwa alikuwa fundi. Akaenda na kijiboti kidogo, akatengeneza, mashine ikawaka. Boti ile ilirudi na watu wake wote, wanawake na watoto na kuku wao. Yeye alikuwa anarudi nyuma yao. Wakageuka kumwangalia, alikuwepo. Wakageuka tena, hayupo. Waziri alitembea ufukweni siku nyingi, mpaka watu wakamrudisha nyumbani kwa nguvu.

Nilimwambia Mwanaidi lililokuwa moyoni. Nilimwambia, “Mimi ndiye niliyemjaza bahari. Tuliporudi Burundi alikuwa mdogo, hakupata usingizi huku kwa ukimya, nikawa namhadithia kile chumba na ule upepo kila usiku. Nisingemhadithia asingeifuata.”

Nikadhani atakubali. Kisha akasema sikioni, taratibu, “Asingekuja Pangani, mimi nisingempata. Na huyu asingekuwepo.” Akanionyesha mtoto, aliyekuwa amejipaka ndizi mpaka kwenye nyusi.

Sikulia pale. Nililia kesho yake shambani, na majirani walinikuta, wakakaa nami chini. Ijumaa tulisoma dua. Walikuja Waislamu na Wakristo, uwanja ukajaa, na mzee wa msikiti alitaja jina la mwanangu kwa sauti kubwa, nami nikalisikia. Muda mrefu nilikuwa silitaji. Sasa nalitaja.

Mwanaidi analala kitandani kwangu, nami kwenye kile cha kamba. Nyumba ni ya udongo na moshi, na asubuhi ukungu unapanda kutoka bondeni mpaka mlangoni, mweupe, unazima vilima vyote. Juzi alisimama pale nje akautazama muda mrefu, kanga kichwani, mpaka jua likaufukuza. Sikumwuliza alikuwa anaona nini. Amesema atakaa mpaka tupande mahindi. Baada ya hapo hajasema, nami sijauliza.

Kwenye chumba chako usirudishe magunia. Mji wa Gitega una wageni wengi siku hizi, wape walale, watalala vizuri. Mimi mwenyewe sijakiona hata siku moja, chumba nilichokupangia kitu kwa kitu. Tukishapanda tutakuja, nikitazame.

Na jina la mtoto. Nilimwuliza yeye mwenyewe, kama ulivyotaka. Nilimpakata nikamwuliza, “Wewe nani?” Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. “Zaituni,” akasema. Nikamwuliza tena, si kwa kutosikia. Akasema tena.

Baba yake ndiye aliyemwita hivyo siku aliyozaliwa, wala hakuleta habari, alitaka kuja naye mkononi aniambie uso kwa uso.

Sasa jirani yangu Imelda, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, akipita njiani akaita Zaituni, tunatoka wawili. Huyo mdogo ndiye anayefika kwanza.

Dada yako,
Zaituni mkubwa